Mkono Uliotosha Ndani ya Pampu

Wiki iliyopita nilipeleka gari la kazini kwenye gereji moja hapa Mbarara, likapigwe grisi. Kijana wa gereji alichukua pampu, akavuta mkia wake nyuma, akafungua kichwa, akachomeka ndani mkebe mwembamba uliojazwa grisi kiwandani, akafunga. Basi. Kufumba na kufumbua, tena bila kukatiza ubishi wake na mwenzake juu ya mpira wa jana. Harufu ya ile grisi ilinifikia kwenye benchi nilipoketi, na mimi, mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, nilitoka nje nikasimama nyuma ya rundo la matairi nikalia kwa kwikwi. Mwenye gereji alinifuata kunieleza kwamba gari halina ubaya wowote, ni vumbi tu.

Ningemwambia nini? Kwamba kitu kama kile kimkebe baba yangu alikitafuta kwa kufa na kupona, nami nilikuwa napiga magoti kumwomba Mungu asikipate? Angedhani nimerukwa na akili. Lakini ninyi wa rika langu, hasa mliokulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mnajua jinsi mtoto anavyoweza kubeba jambo zima kichwani mwake peke yake, bila kumwambia mtu, mpaka limlemee.

Baba alikuwa fundi wa malori Uvira, huko Kongo, kabla vita haijatuondoa. Mama tulimzika hukohuko, na baba akaingia Uganda akiwa na mimi mgongoni na mkono mmoja unaofanya kazi. Wa kushoto ulipitiwa na risasi karibu na kiwiko. Mfupa uliunga, lakini vidole vilibaki vimekunjamana, havishiki hata kikombe. Mtu wa mkono mmoja kambini ni mtu wa kuhurumiwa, na baba alichukia kuhurumiwa kuliko alivyochukia njaa. Alipopata kazi ya kutunza kinu cha kusaga mahindi kule Juru, upande mmoja wa kambi, alitembea kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake.

Kinu kile kilikuwa na beringi zilizokunywa grisi kama ndama anavyonyonya. Bila grisi zilianza kupiga kelele, na beringi ikishapiga kelele imekwisha. Grisi ilisukumwa na pampu ya mkono, bomba la chuma lenye springi ndani na mpini wa kukandamiza. Kusukuma hakukuwa shida. Baba aliegemeza pampu ubavuni akakandamiza. Shida ilikuwa kuijaza. Grisi yetu ilitoka kwenye debe, tukafungiwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, kama mafuta ya kupikia ya kupimiwa. Ukiichota kwa kijiko ukaitupia ndani ya bomba inaacha mapengo ya hewa, na pampu ikikuta hewa inakohoa tu, haitoi kitu. Lazima kitu kiingie mpaka chini, kishindilie, kiitoe hewa yote; mwenye mikono miwili hushika springi kwa mmoja na kushindilia kwa mti kwa wa pili, ambao baba hakuwa nao. Mkono wa mtu mzima hauingii kwenye bomba lile. Wangu uliingia.

Kwa hiyo siku za kusaga nilichuchumaa mbele ya baba. Yeye alibana pampu kwa magoti, mkono wake wa kulia ukiwa tayari kuudaka mkia wa springi, kwa sababu ndoano ya kuushikilia ilikuwa imelika na ilishika pale inapojisikia. Ikiachia, springi ilifyatuka, paa!, grisi ikaturukia usoni, na baba akasema, "Pole, Mama." Aliniita Mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Mimi nilizamisha mkono mpaka kiwiko kwenye ubaridi ule mzito, nikashindilia mpaka nisikie hewa ya mwisho imetoka chini ya vidole. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao ya mgao wa kambi waliniita Mukono ya Fundi. Shule nilikwenda siku ambazo kinu kimelala, nikinuka grisi, na wala sikujali. Nilijiona mtu.

Halafu siku moja mkono ulikwama. Uliingia vizuri, kutoka ukagoma pale kwenye mfupa wa kidole gumba. Baba alicheka mpaka akakohoa, akanimiminia oili chakavu, mkono ukateleza nje. "Mama, unakomaa," alisema. "Sasa hivi utanipita."

Yeye alicheka. Mimi nilificha mkono nyuma ya mgongo. Baba alikuwa na kopo la nati na misumari, na nati isiyotosha popote aliigeuzageuza mara mbili tatu akasema haina kazi, akaitupa nje ya mlango. Niliziona nati hizo kila nilipofagia. Mtoto hupiga hesabu zake mwenyewe, na hesabu yangu ilikuwa fupi: mkono ukiacha kutosha, sina kazi. Na kitu kinachokuza mkono ni ugali. Nikaacha kula. Si kuacha kabisa, hapana, nilikuwa mjanja kuliko hapo. Nilitafuna tonge la kwanza na la pili baba akiona, mengine nikayaficha kwenye gauni, nikawapelekea kuku wa jirani yetu Mrundi. Kuku wale walinenepa hata mwenyewe akawa anawashangaa. Kila asubuhi nilipima mkono wangu kwenye mdomo wa pampu, nao ukaanza kuingia tena kwa ulaini, nikamshukuru Mungu.

Wakati huohuo mambo ya kinu yakageuka. Huko upande wa Ngarama mtoto alikamatwa nguo na mkanda wa mashine, akavunjika vibaya. Habari ilifika kwetu kabla ya jioni. Mwenye kinu, mwenyeji wa Masha mwenye ng'ombe wake, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuja na buti zake za mpira akanikuta nimechuchumaa, mkono ndani ya bomba.

"Fundi," alisema, "huyu mtoto natoka hapa leo. Hapana ingia tena, hapana gusa pampu."

"Bosi, huyu ni mukono yangu. Mimi pekee siwezi kujaza."

"Sebo, bwana yangu, mimi nasikia. Lakini mkanda nakamata yeye, polisi nakuja kwa nani? Nakuja kwa mimi. Kama wewe naweza kujaza peke yako, kazi ni yako. Kama hapana, mimi naleta mtu ya mikono mbili."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililotumaliza, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Alimpa baba muda mpaka mgao unaofuata, wakati kinu kinaposaga kutwa nzima bila kupumzika; kabla ya hapo kinasaga kidogo, na kijiko kingetosha kwa shida.

Kuanzia hapo baba alikuwa mtu mwingine. Alitaka kutengeneza kitu cha kujazwa grisi nyumbani, pole pole, ishindiliwe vizuri, kisha kitumbukizwe chote ndani ya pampu kwa mkono mmoja. Alijaribu chupa ya maji iliyokatwa, ikawa pana. Alijaribu mwanzi, akakuta tundu lake jembamba mno. Alishona bomba la gunia la unga, grisi ikaganda humo kama dawa kwenye kidonda na haikutaka kutoka. Kila kilichoshindikana alikitazama kwa muda mrefu, kisha akakiweka chini taratibu sana, na ule utaratibu wake ulinitisha kuliko kama angevunja vyombo.

Mimi niliketi pembeni nikitazama anavyotengeneza mkono wa kuchukua nafasi yangu. Ndivyo nilivyoamini, na sikumwambia mtu. Nilipiga magoti nikamwomba Mungu baba asiweze. Kisha nikakumbuka kwamba asipoweza tutalala njaa, tena si njaa yangu ya kujitakia, nikaomba aweze. Maombi yote mawili niliyapeleka pamoja, na nikawa naogopa lolote litakalojibiwa.

Mbaya zaidi ilikuwa kavera. Baba aliviringisha grisi kwenye kavera laini, ikawa na umbo zuri kabisa, ikaingia ndani ya bomba bila kelele. Alinitazama macho yanang'aa. Kesho yake, kinu kikiwa katikati ya kazi, kipande cha kavera kilinyonywa kikaziba mdomo wa pampu. Beringi ikaanza kulia. Mimi nilikuwa nje ya mlango, mahali nilipopangiwa, nikausikia mlio ule unavyopanda, na harufu ya chuma kilichoungua, na wanawake wakipiga kelele wazime, wazime! Kinu kilisimama. Baba alitoka nje amejaa unga na grisi, akakaa juu ya jiwe. Jioni nilimsikia ndani, amepiga magoti upande wake wa pazia, anaomba kwa sauti ya kukwaruza: "Mungu, umeniachia mukono moja tu. Basi unionyeshe kazi yake. Usinifanye niombe chakula na huyu mutoto." Nilijifunika khanga kichwani. Sikuwahi kumsikia baba akiomba kitu kama mtu anayezama.

Beringi ilibadilishwa, na Bosi akarudia lilelile neno lake la mgao. Katika wiki hiyo akaja Tantine, dada wa baba, kutoka Mbarara. Aliishi mtaa wa Kakoba, akipika shikwanga, mikate ya muhogo inayofungwa kwenye majani, na kuwauzia Wakongo wa mjini baada ya ibada. Alinikumbatia, kisha akanisukuma mbali kidogo, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

"Eh, Mungu wangu! Kaka, huyu mutoto iko mifupa tu. Unamukulisha nini?"

"Anakula vile mimi nakula."

"Anakula fasi gani? Muangalie! Hasomi muzuri, hakuli, ananuka grese sawa mashine. Mimi nitaenda naye Mbarara. Kule kuko shule karibu, kuko chakula."

Nilimtazama baba. Nilitaka aseme hapana. Aliupapasa mkono wake uliokufa kama alivyozoea akiwaza, kisha akasema, "Ungoje kwanza nimalize hii mambo ya pampu. Nikiweza kujaza mimi pekee, utaenda naye."

Basi ikawa wazi. Pampu ikijazwa, ninaondoka. Isipojazwa, baba hana kazi. Sikulala vizuri tena tangu siku hiyo, na hata yale matonge mawili ya kujionyesha yalianza kunishinda.

Mwili una mipaka yake, hata wa mtoto mkaidi. Mchana mmoja Tantine alipakua shikwanga za moto. Alikuwa akilalamika siku zote kwamba majani ya kufungia ya kwetu Kongo hayapatikani Uganda, ikabidi ajifunze kutumia ya mgomba, ambayo huko Isingiro, wilaya ya kambi yetu, yamejaa kila upande. Harufu ya muhogo uliochachuka na jani lililopita motoni ilinivunja nguvu. Nilichukua moja. Sikuifungua yote, maana nilikuwa nimejiahidi kula kidogo tu. Nilifungua ncha moja, nikabana ya pili kwa kidole gumba nikasukuma, na muhogo ukateleza ukatoka mzima, mviringo, laini, jani likabaki mkononi safi kabisa.

"Mama," baba alisema. Alikuwa amesimama mlangoni. "Fanya tena."

"Nifanye nini, Papa?"

"Vile umesukuma. Fanya tena."

Nikafanya tena. Aliinama akalichukua lile jani akalipitisha midomoni kupima ulaini wake, akalichungulia ndani upande ule unaong'aa. Nilijua kabla yake. Nilijua nimekwisha.

Tantine alicheka aliposikia kwamba anatakiwa kufunga shikwanga ya grisi, kisha akaona uso wa kaka yake, akaacha kucheka. Walifanya kazi siku nzima. Jani bichi lilipasuka, kwa hiyo akamfundisha kulipitisha juu ya moto mpaka libadilike rangi na kulegea. Waliliviringisha kwenye mti uliochongwa ukawa mwembamba kidogo kuliko bomba, ndani wakalipaka oili chakavu, wakafunga kwa kamba ya mgomba, wakashindilia grisi kwa mwiko. Ncha ya kamba iliachwa ndefu. Ukishatumbukiza shikwanga ile ndani ya pampu, unaikandamiza grisi kwa kipande cha mti, unauma kamba kwa meno na kurudisha kichwa nyuma. Jani linateleza linatoka, grisi inabaki imesimama bombani, haina hewa, haina uchafu. Mkono mmoja, magoti na meno. Ya kwanza ilichanika ndani. Ya pili ilitoka na nusu ya grisi. Ya tatu ilikubali, na baba alibaki na jani linaning'inia mdomoni, hajui alie au acheke.

Bosi alikuja kuona mwenyewe. Alisimama amekunja mikono, mimi nikichungulia mlangoni. Baba alibana pampu, akavuta springi, ndoano ikashika, akatumbukiza, akakandamiza, akauma, akavuta. Akafunga kichwa kwa kiganja. Akaegemeza ubavuni akakandamiza mara moja, mara mbili, na grisi ikachungulia kwenye mdomo wa pampu, nene, bila kukohoa.

"Kumbe!" Bosi alisema. "Nyinyi watu ya Kongo. Hata mashine nakula chakula yenu." Akampiga baba begani. "Kazi ni yako, Fundi."

Wanawake wa foleni walipiga vigelegele. Mimi nililia mpaka nikakaa chini, nao wakasema mtazame mtoto anavyomfurahia baba yake. Baba hakudanganyika. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, midomo yake bado imepakaa grisi.

"Mama, ni nini?"

Ikanitoka yote kwa mkupuo. "Papa, mukono yangu inaweza kupunguka tena. Inaingia bado, nilipima asubuhi. Sitakula. Usitupe mimi."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha asiyoijua. Kisha nikaona inavyomwingia, kidogo kidogo. "Kwa hiyo haukuwa mugonjwa," alisema. "Ulikuwa unajiua na njaa juu ya beringi ya Bosi?" Hakungoja jibu. Aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya macho yake, na nikahisi yanavyolowa. "Mimi natafuta namna ya kukutoa humu ndani," alisema. "Ule mutoto wa Ngarama angekuwa wewe. Kila siku naota angekuwa wewe."

Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa. Sikuelewa. Nilisikia tu kwamba bado ninakwenda. Jioni hiyo alinilisha ugali kwa mkono wake, tonge kwa tonge, akinitazama mpaka nimeze, nami nilimeza kwa sababu alikuwa analia, si kwa sababu nilikuwa nimekubali kuondoka.

Siku ya safari ilikuwa siku ya mgao. Kinu kilianza mapema, kwa hiyo tuliagana nyumbani, na Tantine akanipitisha pale tukielekea barabarani. Foleni ilikuwa imezunguka nyumba. Nilisimama kwenye kizingiti ambacho sikuruhusiwa kukivuka. Ndani mlikuwa na giza la unga, kinu kimesimamishwa kidogo ili pampu ijazwe. Baba alikuwa amenipa mgongo, na sikuona vizuri, lakini nilisikia. Nilisikia springi inavutwa. Nilisikia jani. Halafu paa! Ndoano ilikuwa imeachia.

Hakuna aliyeujua mlio ule kama mimi. Kupitia juu ya bega lake niliona grisi iliyorukia mpaka ukutani. Mfuko wangu ulianguka chini. Nilikunja mkono wa gauni mpaka kwenye bega bila kujua ninafanya nini, mguu mmoja ukawa umekwisha kuingia, na Tantine akanishika. Nilingoja. Neno moja tu, "Mama," nami ningemponyoka shangazi yangu nikaingia, na nadhani hadi leo ningekuwa huko. Baba alijua niko pale. Niliona shingo yake ilivyokakamaa.

"Imeingia!" alisema kwa sauti, bila kugeuka. "Imeingia muzuri! Muende tu!"

Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumsikia, ili nisisikie anavyoanza upya.